Heshima ya Mwanzo wa Binadamu

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema na shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemtoa binadamu katika hali ya kutokuwa kitu hata akawa mwenye kusikia na kuona, kisha akamfunulia katika elimu yale ambayo wazee wake hawakuyajua. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamtaka maghufira. Tunashuhudia kuwa hapana Mola wa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Wala kumcha Mungu hakuishi juu ya msala. Kumo pia sokoni katika mizani, kumo mahakamani katika ushahidi, na siku hizi kumo hata hospitalini, pale mume na mke wanapowekewa karatasi mbele yao watie sahihi. Juu ya karatasi hiyo ndiko yatakakorejea mazungumzo yetu ya leo.

Ndugu zetu Waislamu, tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wataalamu wa utabibu, watungaji wa sheria na wanavyuoni wamelijadili kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, nalo ni utafiti unaofanywa kwa seli za kiinitete cha binadamu. Huenda msikilizaji akasema: haya ni mambo ya maabara za ng'ambo, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, maradhi yanayotafutiwa dawa kwa njia hii ni maradhi ya majumbani mwetu: kisukari, upofu, kupooza, na ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Ya pili, viinitete vinavyotumiwa katika utafiti huu hutoka zaidi kwa watu waliokwenda kutafuta mtoto kwa msaada wa matabibu. Na katika nchi zetu wako watu wanaotafuta mtoto kwa njia hiyo hiyo. Kenya walizaliwa watoto wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2006.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe, kwani kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, nazo ni chembe ndogo za uhai zisizoonekana ila kwa hadubini. Kila seli ina kazi yake. Ya ini haiwi ya moyo, wala ya ngozi haiwi ya ubongo. Lakini zimo nyingine ambazo bado hazijapewa kazi maalumu, nazo huweza kuzaa seli za namna mbalimbali, kama shina moja linavyotoa matawi mengi. Hizi ndizo ziitwazo seli shina. Baadhi yake zimo ndani ya miili yetu sisi watu wazima, kwa mfano katika uboho wa mifupa, ila uwezo wake una mpaka. Zenye uwezo mpana zaidi ni zile zilizomo katika kiinitete, yaani mimba iliyo changa kabisa, katika siku ya 5 hivi tangu yai la mwanamke kukutana na mbegu ya mwanamume. Wakati huo kiinitete ni kifuko kidogo chenye seli 100 hadi 200 hivi. Hakina moyo, hakina damu, hakina ubongo. Na mtaalamu anapozitoa seli za ndani ili azikuze chomboni, kwa kawaida kiinitete kile huharibika, kisiweze tena kuwa mtoto. Hapo ndipo penye mzozo wote: dawa inatafutwa kwa nia ya kuponya, na njia ya kuitafuta inapita juu ya mwanzo wa binadamu.

Tarehe yake ni hii. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungishwa nje ya tumbo la mama. Wanavyuoni wetu hawakulala. Mwezi wa Machi 1980, Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa ya kuijuzisha njia hiyo baina ya mume na mke wake waliomo katika ndoa, na akaikataza inapoingia mbegu au yai la mtu wa tatu. Mwaka 1981 wataalamu wa Cambridge na wa California walifanikiwa kuzitoa seli shina katika kiinitete cha panya. Na mwaka 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, pamoja na wenziwe, wakazitoa katika viinitete vya binadamu vilivyobaki baada ya matibabu ya uzazi. Tangu siku hiyo suala likawa la dunia nzima.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, dini yetu haikuuacha mwanzo wa binadamu bila ya maelezo. Qurani Tukufu, katika Suratul Muuminuun na penginepo, imetueleza jinsi tunavyotolewa daraja baada ya daraja: tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa ikavikwa nyama, kisha kiumbe kingine kabisa. Na katika hadithi aliyoipokea Abdallah bin Masud, Mtume (S.A.W.) ameeleza vipindi vya siku arubaini arubaini, kisha kuja kwa Malaika na kupulizwa roho. Wanavyuoni wengi wamefahamu kuwa roho hutiwa baada ya siku 120. Wako waliofahamu kuwa ni mapema zaidi, baada ya siku arubaini na kidogo, kwa kuitazama hadithi nyingine iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Kwa kauli zote mbili, kiinitete cha siku 5 bado hakijafikia hapo.

Je, kwa kuwa hakijatiwa roho, ndiyo tuseme ni kitu kisichokuwa na thamani, kama ukucha uliokatwa? Hasha. Imamu Ghazali, naye ni katika maimamu wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu wa pwani hii, ameeleza kuwa daraja ya kwanza ya kuwepo binadamu ni pale yanapokutana maji ya mwanamume na ya mwanamke, na kuwa kuiharibu daraja hiyo ni kosa, na kosa huzidi ubaya kila mimba inapopanda daraja. Tuyazingatie maneno ya Imamu huyu. Yeye hakusema kuwa tone ni mtu kamili, wala hakusema kuwa si kitu. Amesema kuwa heshima huanza mwanzoni, kisha hupanda. Na wako wanavyuoni wengine waliolegeza zaidi kabla ya kutiwa roho, lakini hata wao hawakusema kuwa mtu afanye apendavyo bila ya sababu.

Kwa upande wa pili, sheria yetu imeamrisha tiba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na Qurani Tukufu imemfananisha mwenye kuihuisha nafsi moja na aliyewahuisha watu wote. Basi anayetafuta dawa ya mtoto anayejichoma sindano ya kisukari kila siku, yumo katika amri ya dini. Mizani yetu ina vitanga viwili, na mwenye kutazama kimoja tu hakupima.

Tutazame basi jinsi wanavyuoni walivyopima. Mwezi wa Machi 1990, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya umoja wa nchi za Kiislamu ilikutana Jeddah, ikaamua kuwa wakati wa kutungisha mimba nje ya tumbo, yatungishwe mayai kwa idadi ile tu itakayorejeshwa tumboni, ili kisibaki chochote. Na kikibaki kwa njia yoyote, kiachwe bila ya kuhudumiwa mpaka kiishe chenyewe. Kisha mwezi wa Desemba 2003, Baraza la Fiqhi la Rabita lilikutana Makka katika kikao chake cha 17. Likajuzisha kutumia seli shina za watu wazima kwa idhini yao, za kondo la nyuma na za damu ya kitovu, za mimba iliyoporomoka yenyewe, na pia za viinitete vilivyobaki katika matibabu ya uzazi, ikiwa wazazi wenyewe wamevitoa. Likaharimisha mambo matatu: kutumia mimba iliyotolewa kwa makusudi bila ya sababu ya kitabibu inayokubaliwa na sheria; kutungisha mimba makusudi kwa yai na mbegu za watu waliojitolea ili tu zipatikane seli; na kunakili binadamu kwa ajili ya tiba.

Ndugu zetu, msifadhaike kwa kuona mabaraza mawili hayakusema neno moja. Hakika wamekutana katika msingi, wakatofautiana katika tawi. La kwanza lilichelea kuufungua mlango ambao huenda usifungike tena. La pili liliona kuwa kitu kitakachopotea kwa hali yoyote, ni bora kimfae mgonjwa kuliko kutupwa. Lakini wote wawili wamekataa kuwa binadamu azalishwe ili avunjwe. Wote wawili wamekataa kuwa kiinitete kiwe malighafi.

Na hapa tunafikia neno tunalotaka mrudi nalo nyumbani. Ruhusa yote imesimama juu ya neno moja: kilichobaki. Basi ni lazima kibaki kwa kweli. Mtu akipika sufuria tano kwa wageni wawili, hawezi kusema kesho yake kuwa chakula kimebaki kwa bahati, amekipika kibaki. Ziada inayotengenezwa makusudi si ziada, ni hila. Na Mwenyezi Mungu haingiliwi kwa hila. Mwenye kutungisha mayai mengi kupita haja, akijua kuwa mengine yatakwenda maabara, amekifanya kile kile kilichoharimishwa Makka, ila amekiita jina jingine.

Tuwatazame pia wenzetu, tupate mazingatio. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1990, ikaweka kuwa hapana mtu atakayekigusa kiinitete cha binadamu kwa utafiti ila kwa leseni, ikiwa fedha ni za serikali au ni za mtu binafsi, wala hakitakuzwa kupita siku 14. Ujerumani ilikataza kuvunja viinitete katika nchi yake, kisha mwaka 2002 ikaruhusu, kwa masharti, kuingizwa seli zilizokwisha kutolewa kwingine. Marekani walishika njia nyingine. Tangu mwaka 1996 bunge lao limezuia fedha za hazina ya taifa zisitumike katika kuvunja viinitete. Tarehe 9 Agosti 2001, Rais George W. Bush aliruhusu fedha hizo kwa seli zilizokwisha kupatikana kabla ya siku hiyo tu. Mwaka 2006 na mwaka 2007 akazipinga kwa kura ya turufu sheria za kulegeza. Na mwaka 2009 Rais Barack Obama akalegeza. Miaka yote hiyo mjadala wa taifa ulikuwa juu ya fedha za hazina. Mwenye fedha zake, au kampuni yenye wanahisa wake, haikuzuiwa na sheria hiyo. Jimbo la California likapiga kura mwaka 2004, likatenga dola bilioni 3.

Sisi hatukutaja haya kwa kuwakejeli watu. Tumeyataja kwa sababu yana somo. Jambo likiwa ni baya, halitakasiki kwa kufanywa kwa fedha za tajiri. Na likiwa ni jema, halinajisiki kwa kufanywa kwa fedha za umma. Sheria inayokataza mfuko mmoja na kuunyamazia mwingine, imeuachia soko lihukumu, na soko halina kadhi.

Tunayasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu kwa neema zake zisizohesabika, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika khutba ya kwanza tumeeleza hukumu. Sasa tueleze yanayotupasa kutenda.

La kwanza ni kwa mume na mke wanaotafuta mtoto kwa msaada wa matabibu. Ndugu zetu, hapana aibu katika kutafuta tiba, na wala msiwasikilize wenye kuwasuta. Lakini kabla ya kutia sahihi ile karatasi, ulizeni: yatatungishwa mayai mangapi? Yasiyorejeshwa tumboni yatawekwa wapi, na kwa muda gani? Je, yataingia katika utafiti, na utafiti gani? Ndoa ikikatika kwa talaka au kwa kifo, itakuwaje? Wala asitie sahihi mume peke yake akasema kuwa mke atakubali, wala mke peke yake. Amana hii ni ya wawili. Na pindi mkiulizwa kuvitoa vilivyobaki, mnayo ruhusa ya kukataa, wala hamtakuwa na dhambi kwa kufuata kauli iliyo nzito. Mkikubali kwa kufuata kauli ya pili, basi ikubaliwe bila ya malipo, kwani mwanzo wa binadamu hauna bei.

La pili ni kuchunga heshima ya wanawake. Mayai haya hayaokotwi. Mwanamke huchomwa sindano za dawa kwa siku nyingi, kisha hutolewa mayai kwa kudungwa, na pengine hudhurika. Mwaka 2004 na 2005, mtaalamu wa Korea ya Kusini aitwaye Hwang Woo-suk aliitangazia dunia kuwa amepata seli shina kwa njia ya kunakili viinitete vya binadamu. Watu wakamsifu, wagonjwa wakajaa matumaini. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Chuo Kikuu chake cha Seoul kilibainisha kuwa matokeo yale yalikuwa ya uongo. Na ilidhihiri kuwa mayai zaidi ya 2,000 yalikuwa yamechukuliwa kwa wanawake, baadhi yao wakilipwa, na wengine wakiwa ni wasaidizi wa maabara yake mwenyewe, ambao kwao ilikuwa vigumu kumkatalia mkubwa wao. Tuone jinsi dhuluma inavyokwenda pamoja na uongo. Idhini ya mtu aliye chini ya mkono wako, au ya mhitaji aliyeonyeshwa fedha, si idhini iliyo huru.

La tatu ni kwa wagonjwa na jamaa zao. Tusidanganyane. Tiba ya uboho wa mifupa ipo na imewafaa wengi, wenye saratani ya damu na wenye ugonjwa wa seli mundu. Damu ya kitovu nayo ilitumika kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1988, kwa mtoto aliyetibiwa kwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Lakini tiba ya seli za kiinitete bado iko mwanzoni. Mwezi wa Aprili 2025 yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili kwa wagonjwa wa Parkinson: moja la Marekani na Canada kwa watu 12, kwa seli zilizotokana na kiinitete, na jingine la Kyoto, Japani, kwa watu 7. Yote mawili yalikusudia kwanza kuona kama tiba ina salama, na dalili zilikuwa njema. Mwaka huo huo katika jaribio la kisukari cha kwanza, wagonjwa 10 kati ya 12 waliotiwa seli za kutoa insulini, zilizokuzwa kutokana na seli shina, waliacha kujichoma sindano baada ya mwaka mmoja. Lakini iliwalazimu kutumia dawa zenye kuupunguza nguvu ulinzi wa mwili. Hiyo ni habari njema, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Ila ni habari ya watu wachache. Basi akikujia mtu akakwambia kuwa kwa fedha kadha atamponya mzee wako aliyepooza kwa sindano moja ya seli, usiuze shamba. Muulize daktari mwaminifu kwanza.

La nne ni kwenu nyinyi wanafunzi. Mmesikia tulipotaja Kyoto. Majaribio ya huko hayakutumia kiinitete. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto alionyesha kuwa seli ya kawaida ya panya mkubwa, akizidishiwa jeni nne, huweza kurejeshwa katika hali ya seli shina. Na mwaka 2007 jambo hilo likafanyika kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 alipata Nishani ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Elimu hiyo haijaondoa haja yote ya seli za viinitete, kwani watafiti wengi bado wanazilinganisha, lakini imefungua njia ya halali iliyo pana. Tena wala Waislamu si wageni katika uwanja huu. Taasisi ya Royan ya Tehran, iliyoasisiwa mwaka 1991, ilitangaza seli zake za kwanza za kiinitete mwaka 2003. Basi someni. Pale ilipoonekana kuwa njia moja ina shubuha, mtaalamu mmoja alitafuta njia ya pili akaiona. Kukataza peke yake hakumponyi mgonjwa. Anayemponya ni yule aliyesoma, kisha akamcha Mungu katika alichokisoma.

Ndugu zetu, wazee wetu walikuwa wakikizika kitovu cha mtoto, na mahali hapo pakawa ndipo kwao maisha. Walijua, bila ya hadubini, kuwa kilichomlisha binadamu tumboni hakitupwi jaani. Nasi tulioonyeshwa zaidi ya walichokiona wao, tusiwe wenye heshima pungufu kuliko wao.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na wape subira wanaowauguza. Wape kizazi chema wanaokutaka kizazi, na waridhishe wale ambao hekima yako haikuwapa. Waongoze matabibu wetu na watafiti wetu katika yanayokuridhisha, na wape viongozi wetu uadilifu katika kuzitunga sheria. Tughufirie sisi na wazee wetu, walio hai na waliotangulia.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Naye atakukumbukeni, na mshukuruni atakuzidishieni. Simameni kwa ajili ya Sala.